Kubuni kichwa cha kuvalishwa karatasi kwa bunduki ya baruti nyeusi: pima mtutu kwanza, kalibu utanunua baadaye

Wakuu, kabla hujatoa hela kununua kalibu, kile chombo cha chuma cha kumiminia vichwa vya bunduki, nisikilize kwanza, maana hili kosa nimelifanya mwenyewe na kila mgeni wa huu mchezo namuona analirudia. Mtu anapata bunduki yake ya Sharps, hizi mpya zinazotengenezwa kwa mfano wa ile ya 1874, anaagiza kalibu ya bei kali, anamimina vichwa mia vizuri vinang'aa, halafu ndo anaanza kuulizia karatasi. Hapo ushakwama. Kalibu ni chuma, ukishachongewa umechongewa, karatasi nayo ina unene wake ilivyotoka kiwandani, na mtutu ndo kabisa huwezi kuugusa. Kwa hiyo unaanza na mtutu, unakuja kwenye karatasi, kalibu inakuwa ya mwisho.

Lugha tuwekane sawa. Kiswahili chetu risasi ni madini na risasi ni hiyohiyo inayotoka kwenye bunduki, sasa nisiwachanganye, hapa nikisema risasi ni madini, kile kinachoruka nakiita kichwa, na kinachobaki mkononi ni ganda. Jingine, nawaandikia walioko Marekani na kwingine ambako hii ni michezo halali ya kulenga shabaha. Ukiwa nyumbani Tanzania au Kenya, kutengeneza risasi za bunduki bila kibali ni kosa la jinai, usijaribu.

Karatasi ni ya nini? Risasi ni laini, ikipita kwa kasi kwenye chuma inaacha uchafu wake kwenye mifereji ya mtutu, ile iliyochongwa ndani ikizunguka ili kichwa kizunguke kikiruka. Watu wengine wanachimba vijifereji kwenye kichwa wanavijaza mafuta, sisi tunakivalisha karatasi raundi mbili, chuma hakikutani na risasi kabisa. Faida yake ni kwamba kichwa kinabaki laini pembeni mwili mzima, na kinatulia kwa mbali. Septemba 1874 pale Creedmoor, New York, Wamarekani wakiwa na Sharps na Remington waliwashinda Waairishi waliokuwa na bunduki za Rigby za kushindilia kupitia mdomo wa mtutu, pointi 934 kwa 931, kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1000. Yadi elfu moja, kwa baruti nyeusi! Na wala sio mambo ya Wamarekani peke yao. Martini-Henry ya Waingereza ilikuwa na kichwa cha karatasi, na Mauser ya 1871 ya Wajerumani nayo ilianza na kichwa cha gramu 25 kilichovalishwa karatasi. Hiyo Mauser 71 ndo askari wetu wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado wameishika vita ilipoanza Afrika Mashariki 1914, wenzao wanapiga za kisasa wao moshi unawatangaza walipo.

Haya, mtutu. Hakikisha bunduki haina kitu, chukua donge la risasi laini kabisa, lipake mafuta, lisukume kwa ufito kutoka mdomoni mpaka litokee nyuma, polepole bila kupigapiga. Likitoka limechorwa. Palipoinuka ni mifereji ya mtutu, palipobonyea ni matuta yake, yaani sehemu zilizobaki zimeinuka kati ya mifereji. Pima yote mawili kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, kalipa ya plastiki haitoshi hapa tunaongelea elfu za inchi. Bunduki nyingi za 45, yaani mtutu wa inchi .45 hivi, zitakupa inchi .450 kwenye matuta na .458 kwenye mifereji, lakini yako pima yako. Mwenye Martini atapata tabu maana ile ina mifereji saba, namba witiri, huwezi kupima moja kwa moja mfereji unatazamana na tuta, tafuta fundi mwenye kifaa chake.

Sasa uamue njia. Iko ya kujaza mpaka mifereji, yaani kichwa kitupu kama .451 kikivaa kinafika .458, na iko ya kufuata matuta, kichwa kitupu chembamba kikivaa kinapita juu ya matuta bila kubanwa. Mimi ni wa matuta. Unaweza kupiga kichwa kirefu kikakaa sehemu kubwa nje ya ganda, ndani ya ganda kinaingia milimita 3 au 4 tu, baruti inapata nafasi yake yote. Ukiwa na haraka ya kupiga bila kufuta mtutu basi hii sio njia yako, mtutu lazima uufute kila baada ya mlio.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Karatasi raundi mbili, kila upande wa kichwa kuna matabaka mawili, jumla manne. Kwa hiyo unene wa karatasi mara nne ndo unaoongezeka kwenye kipenyo. Karatasi ya pamba nyembamba, ile ya jamii ya karatasi za barua za ndege tulizokuwa tunaandikia wazee ughaibuni zinazolia chakachaka ukizikunja, huwa iko kwenye .0018 hivi. Mara nne ni .0072. Unataka kichwa kikiwa kimevaa kiwe .449, pungufu kidogo ya matuta. Toa, unapata .442. Hicho ndo kipenyo cha kumwambia mchonga kalibu.

Mimi sikupiga hesabu hiyo. Nilinunua kalibu ya .446 kwa sababu ndo ilikuwepo, nikavalisha karatasi ileile, ikawa .4532 kwa mtutu wa .450. Nilisimama uwanjani na vichwa sitini hakuna hata kimoja kinachoingia. Kalibu haikuwa na kosa lolote, kosa ni mimi kuanza na kalibu. Mzee mmoja aliyekuwa meza ya pembeni akachukua kichwa chake, akakisukuma kwa kidole gumba kwenye mdomo wa mtutu wake mtupu, kikaingia kwa kusuguana kidogo kikasimama. Akaniambia kikianguka chenyewe ni chembamba, ukihitaji nyundo ni kinene. Nimeshika hapo mpaka leo.

Usijaribu karatasi ya fotokopi. Ina kama milimita 0.1, mara nne ni 0.4, hiyo ni inchi .016, nyingi mno. Na pima karatasi ukiwa umekunja nane halafu ugawanye kwa nane, ukipima moja utajidanganya.

Unaweza kujiuliza, kichwa chembamba kuliko matuta kinashikaje mifereji? Baruti nyeusi inawaka ghafla, inakisukuma kichwa kutokea nyuma kabla sehemu yake ya mbele haijaanza kwenda, kinavimba kinajaa mtutu. Ndo maana madini lazima yawe laini. Risasi safi sehemu 16 mpaka 20 kwa bati sehemu 1, bati ninalosema ni ile metali ya kwenye lehemu sio la kuezekea nyumba. Martini walikuwa na 12 kwa 1. Ukizidisha ugumu hakivimbi, gesi inapita pembeni inachoma karatasi. Ukizidisha ulaini pua inajikunja kwa ule msukumo, na hapa ndo umbo la pua linapokuja. Pua ndefu nyembamba inakata upepo vizuri lakini haina cha kuishikilia, iko nje ya karatasi na haigusi matuta, kwa hiyo inalala upande. Ushauri wangu chukua pua ya duaradufu iliyoshiba, na mwili ulionyooka uwe mrefu kuliko pua.

Urefu wote unaamuliwa na msokoto wa mtutu, yaani mifereji inamaliza mzunguko mmoja kwa inchi ngapi. Greenhill, mwalimu wa hesabu kule Woolwich, alitoa kanuni yake 1879: 150 mara kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa urefu wa kichwa, unapata msokoto unaohitajika. Kichwa cha .45 chenye urefu wa inchi 1.4 kinataka mzunguko mmoja kila inchi 21.7. Sharps nyingi za sasa ni inchi 18, kwa hiyo una akiba, na kichwa cha greni 530 hivi, kama gramu 34, kinakaa vizuri. Kitako mwambie mchonga akichimbe kidogo kama kisahani, kina cha kucha tu, utaona kazi yake sasa hivi.

Kuyeyusha risasi fanyia nje au penye upepo unaopita, vaa miwani na glavu, tone la maji lisisogee karibu na chungu maana litalipuka likurushie madini usoni, na nawa mikono kabla hujagusa chakula. Watoto wasiwe karibu. Hili silisemi kwa kupita, sumu ya risasi haitoki mwilini kirahisi.

Kuvalisha sasa, na hapa ndo napapenda. Kata karatasi umbo la msambamba, ncha zake zimelala mshazari. Urefu wake ni 3.14 mara kipenyo mara mbili pamoja na unene wa karatasi, kwa kichwa cha .442 inakuja milimita 71, nakata 70 na nusu. Hiyo nusu ni ya makusudi, mwanzo na mwisho wa karatasi visikanyagane. Vikikanyagana kichwa kinakuwa na tuta upande mmoja, na tundu zako kwenye shabaha zitakuambia. Upana ufunike mwili wote mpaka pua inapoanza kujipinda, na milimita 6 zibaki zinaning'inia kitakoni.

Ichovye kwenye maji, iache mpaka ilegee, iweke juu ya kipande cha mpira au ngozi, laza kichwa kwenye ncha, halafu viringisha kama mtu anayesokota sigara, kidole kimoja kinabana mbele kingine kinavuta. Mkunjo wa kwanza ndo unaamua yote, ukienda upande hata kidogo fungua uanze upya. Mkia uliobaki ukunje kitakoni kwa mikunjo midogomidogo kama muuza karanga anavyofunga chini ya kile kikaratasi chake, au usokote, kifundo kitulie ndani ya kile kisahani. Acha usiku kucha. Karatasi ya pamba iliyolowa inatanuka, ikikauka inajibana yenyewe mpaka inakuwa kama ngozi ya ngoma. Hugundishi kwa gundi, ikigundika haitaachia. Ikishakauka paka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya lanolini, yale ya sufu ya kondoo, kidogo sana, ing'ae tu.

Kati ya baruti na kichwa weka duara la kadi ngumu, kitako kisiungue. Na bunduki ya zamani iliyojengewa baruti nyeusi usiitilie baruti ya kisasa isiyo na moshi, hata kijiko, inaweza kupasuka.

Ukishapiga, uwanja ukifungwa na kila mtu akiruhusiwa kwenda mbele, usikimbilie shabaha. Tembea hatua chache mbele ya meza yako uinamie nyasi, okota karatasi zako. Zikiwa vipande vyembamba vilivyokatwa kwa urefu, mistari ya matuta inaonekana, karatasi imefanya kazi na imeachia palepale. Ukikuta pete nzima imekatika kwa mzunguko, kichwa kimevimbia ndani ya chemba, pale nyuma ganda linapokaa, kabla ya kuingia kwenye mifereji, kisogeze nje ya ganda kidogo. Ukikuta kingo zimeungua, gesi inapita, punguza bati au badilisha kadi. Na usipookota kitu kabisa, angalia tundu kwenye shabaha, zikiwa zimetawanyika ovyo ujue karatasi inasafiri na kichwa, rudi kaangalie mafuta na ule mkia wa kitakoni.