Japani na familia: mizigo, kadi za treni na wali wa pembetatu

Kabla ya kukata tiketi za ndege, tandazeni pasipoti zote mezani. Familia nyingi za ughaibuni zina pasipoti mchanganyiko: watoto wana za Uingereza au Marekani na wanaingia Japani kitalii bila viza hadi siku 90, ilhali mama ana ya Kenya au Tanzania na lazima aombe. Hana haja ya kurudi Nairobi wala Dar es Salaam. Anaombea kwenye ubalozi wa Japani katika nchi anayoishi kihalali, na wakazi wa nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Marekani, Kanada na Falme za Kiarabu, wanaweza kuomba viza ya utalii mtandaoni. Tatizo la viza hiyo hutokea siku ya safari: huonyeshwa kwenye simu iliyounganishwa na intaneti wakati huohuo. Picha ya skrini haikubaliki, na karatasi iliyochapwa pia haikubaliki. Simu ya mama iwe na bando na chaji kabla hajasimama kaunta.

Sambusa za nyama, soseji na nyama kavu ziacheni nyumbani, hata kama zimefungwa vizuri. Nyama bila cheti cha ukaguzi hairuhusiwi kuingia. Embe nazo, mbichi au zilizoiva, zitachukuliwa. Angalieni pia vidonge vya mafua: dawa yenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoephedrine ni marufuku Japani, ingawa kwingineko inauzwa dukani bila cheti cha daktari.

Sasa mizigo, maana hapa ndipo familia zetu huchoka bure. Stesheni kubwa za Tokyo na Osaka zina ngazi nyingi, na lifti mara nyingi iko mwisho kabisa wa jukwaa. Mzazi mwenye mtoto mgongoni na masanduku mawili atatokwa jasho kabla ya kuona treni. Wajapani wenyewe hawajitesi hivyo: hutuma sanduku mbele kwa huduma iitwayo takkyubin. Mwambieni mhudumu wa hoteli mnayoondoka kwamba mnataka kutuma mzigo, jazeni fomu, lipeni, basi. Kati ya Tokyo na Kyoto kwa kawaida sanduku hufika kesho yake, na gharama huwa kama yen 2,000 hadi 3,500 kwa sanduku moja, kutegemea ukubwa na umbali.

Kwenye fomu andikeni jina lilelile lililotumika kukodi chumba. Kama baba ndiye aliyelipia hoteli na fomu ikabeba jina la mama la usichana, mapokezi watapokea sanduku wasijue ni la nani. Andikeni pia tarehe ya kuingia hotelini. Kampuni kubwa ya Yamato, yenye nembo ya paka mweusi, hupokea mzigo usiozidi kilo 30, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimeta 200. Lile begi la kilo 32 la safari za nyumbani litakataliwa. Pasipoti, fedha, dawa na nguo za usiku mmoja zibaki kwenye begi la mgongoni. Mkituma uwanja wa ndege, tumeni angalau siku mbili kabla.

Anayependa kusafiri na sanduku lake kwenye shinkansen, treni ya mwendokasi, alipime kwanza. Kwenye njia ya Tokyo hadi Osaka na Fukuoka, likizidi sentimeta 160 kwa jumla ya pande tatu, lazima uweke nafasi ya kiti chenye sehemu ya mzigo mkubwa. Nafasi hiyo haina nyongeza ya bei, lakini ukiingia bila kuiweka unatozwa yen 1,000.

Usinunue ile pasi ya reli ya nchi nzima, Japan Rail Pass, kwa sababu tu kila mtu anaitaja. Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipanda hadi yen 50,000 kwa mtu mzima. Kwenda Tokyo hadi Kyoto na kurudi ni kama yen 28,000, kwa hiyo kwa safari hiyo peke yake mtakuwa mmepoteza. Piga hesabu ya njia yenu halisi kwanza.

Kwa treni za mjini, kila mtu awe na kadi yake ya kulipia nauli, Suica, Pasmo au ICOCA. Zote zinatumika karibu miji yote mikubwa. Kadi hukumbuka ulikoingilia, ndiyo maana moja haiwezi kupitisha watu wawili: wa pili akiigusisha, geti linafunga. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, lakini kadi yao hutolewa kaunta kwa kuonyesha pasipoti. Kwenye mageti mengi ya Tokyo kadi ya mtoto hulia kama kifaranga, na watoto huipenda sauti hiyo. Walio chini ya miaka 6 hupita bure, wawili kwa kila mtu mzima anayelipa. Salio likipungua geti linafunga wakati wa kutoka. Msirudi nyuma kwa wasiwasi; tafuteni karibu na geti mashine yenye maandishi 精算, ongezeni fedha, mtoke.

Chakula cha njiani kipo kwenye maduka ya saa 24, na kinachofaa zaidi ni onigiri, wali wa pembetatu uliofungwa kwa mwani. Plastiki yake ina namba. Shika ncha ya namba 1 juu, ivute chini izunguke hadi nyuma. Kisha vuta pembe ya namba 2 kuelekea pembeni, halafu ya 3. Ukiipasua ovyo, mwani unabaki ndani ya plastiki na wali unabaki mikononi. Kujua kilichomo ndani, someni maandishi: 鮭 ni samaki samoni, ツナ ni jodari, 昆布 ni mwani, na 梅 ni tunda chachu lenye chumvi kali, karibu na achari ya ndimu. Mtoto asiyetahadharishwa atalitema.

Asiyekula nguruwe ajifunze alama chache na kuzihifadhi kwenye simu: 豚 ni nguruwe, ラード mafuta yake, ゼラチン jelatini, 酒 pombe, みりん pombe tamu ya kupikia. Supu nyingi za rameni huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama juu yake kuna kuku, kwa hiyo kuondoa nyama hakutoshi. Tokyo, msikiti wa Tokyo Camii una duka la vyakula halali.

Wa Pwani watafurahi vyooni, maana maji ya kuchamba yapo. Kwenye vitufe vyake, おしり ni ya nyuma, ビデ ni ya mbele kwa wanawake, 止 ni kusimamisha. Wafundisheni watoto 止 kabla ya vingine. Kitufe chenye 呼出 huita mhudumu, na wageni wengi hukibonyeza wakidhani ni cha kuvuta maji. Cha kuvuta maji ni 流す, na wakati mwingine kiko ukutani mbali na vingine.

Kwenye mabafu ya maji moto watu huingia uchi, wanaume kwao na wanawake kwao, baada ya kuoga kwa sabuni wakiwa wamekaa kwenye kigoda. Tokyo, mtoto aliyefikisha miaka 7 haingii upande wa jinsia nyingine. Anayeona haya, au aliye na mama mkwe safarini, aulize kashikiri: bafu la kukodi kwa faragha ya familia.

Bakshishi haitolewi, na fedha huwekwa kwenye kisahani kilicho kaunta. Kadi ya Welcome Suica, ya watalii, hudumu siku 28 na salio lake halirudishwi. Siku ya mwisho, lipieni nalo onigiri na chai za kwenye ndege.