Kuboresha modeli ya zamani ya Huey: anza na rota

Seti za helikopta za plastiki zilizotoka miaka ya 1960 na 1970 zina sifa inayofanana: umbo la jumla si baya, ila kila kilicho chembamba kwenye helikopta halisi kimenenepa. Mapanga ya rota yamenenepa, vioo vimenenepa, skidi (miguu ya kutua) zimenenepa, na kitovu cha rota ni donge la plastiki lenye tundu katikati. Kazi yetu basi ni moja: kupunguza unene pale jicho linapotua. Na kwenye helikopta jicho hutua kwanza juu, kwenye rota. Ukiwa na muda wa kurekebisha kitu kimoja tu, rekebisha hicho, sehemu nyingine ziache zilivyo.

Mfano wangu hapa ni Bell UH-1H, maarufu kama Huey, katika skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi. Mbinu ni zilezile kwa helikopta nyingine.

Hatua ya 1: Chagua helikopta moja, kisha piga hesabu

Usijenge Huey ya jumla jumla. Tafuta picha za helikopta moja, za kipindi kimoja, kisha zifuate. Matoleo yanatofautiana kuliko watu wanavyodhani. UH-1B ina rota ya kipenyo cha mita 13.41, UH-1D na UH-1H zina mita 14.63. UH-1C ina kitovu cha aina nyingine kabisa, hakina ile fimbo ya uthabiti yenye vizito tutakayoijenga katika Hatua ya 3. Mrija wa kupimia kasi ya hewa uko puani kwenye UH-1D, na uko juu ya paa kwenye UH-1H. Seti za zamani huchanganya mambo haya bila aibu.

Sasa gawa kwa 72. Rota ya UH-1H inapaswa kuwa milimita 203 kutoka ncha hadi ncha, upana wa panga milimita 7.4, na rota ya mkiani milimita 36. Pima vipande vyako kwa rula kabla ya kukata chochote. Hesabu hiyohiyo itakufundisha kuchagua malighafi. Kioo cha seti chenye unene wa milimita 1 ni sawa na ukuta wa sentimita 7 kwenye helikopta halisi. Foili ya jikoni, yenye unene wa takriban milimita 0.016, ni sawa na bamba la milimita 1 na ushei, yaani karibu kabisa na ngozi ya ndege. Ndiyo maana foili inashinda plastiki kwenye kazi nyingi ndogo.

Hatua ya 2: Osha, kagua, okoa dekali

Osha fremu zote (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande vya seti) kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kutoa mafuta ya kiwandani, kisha ziache zikauke zenyewe. Plastiki iliyokaa miaka mingi huwa kavu na hukatika ovyo, kwa hiyo usinyonge kipande kukitoa kwenye fremu. Kikate kwa msumeno mwembamba au kisu cha wembe. Fremu tupu usizitupe, tutazihitaji.

Dekali (alama za kubandika kwa kuloweka majini) zilizogeuka njano zibandike kwenye dirisha linalopigwa na jua, upande wa picha ukitazama nje, mpaka unjano upungue. Kabla ya kuziloweka, zipulizie vanishi ya kung'aa tabaka moja, la sivyo zitapasuka vipande vipande majini. Jaribu kwanza moja usiyoihitaji.

Hatua ya 3: Rota

Hapa ndipo tutakapokaa. Anza na mapanga. Rota ya Huey ikitazamwa kutoka juu huzunguka kinyume cha saa, hivyo ukingo wa mbele, ule wa mviringo na mnene, lazima utangulie upande huo. Helikopta za Kifaransa na za Kirusi za Mil huzunguka upande mwingine. Weka alama ndogo kwa penseli kwenye kila panga sasa hivi, kwa sababu ukishaanza kupiga msasa pande zote mbili zitafanana.

Laza panga kwenye kipande cha kioo na upige msasa wa namba 400 upande wa chini tu, ukikandamiza kuelekea ukingo wa nyuma. Endelea mpaka ukingo huo uwe mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga kidogo ukiuinua dhidi ya taa. Malizia kwa namba 600 yenye maji. Upande wa juu usiuguse. Umbo la juu ndilo linaloonekana.

Kwenye shina la panga halisi kuna mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa ngazi ili kuliimarisha. Seti yako huenda haina hata alama yake. Kata vipande vitatu vya foili nene, ya vyombo vya chakula, kila kimoja kifupi kuliko kilichotangulia, na uvibandike kimoja juu ya kingine kwa gundi. Baada ya rangi ngazi hizo zitaonekana waziwazi, na mtu hatajua kwa nini panga linaonekana la kweli.

Kisha mkunjo. Helikopta ikiwa imeegeshwa mapanga hulegea kwa uzito wake, lakini kwenye seti yamenyooka kama rula. Lifunge panga kwa tepu ya karatasi juu ya chupa kubwa au kopo pana, limwagie maji yaliyochemka, subiri kidogo, kisha limwagie maji baridi. Fanya kidogo kidogo. Kwenye skeli hii milimita 3 hadi 4 za kushuka nchani zinatosha. Zaidi ya hapo helikopta itaonekana imeyeyuka. Kumbuka pia kwamba rota ya Huey ni ya mapanga mawili yaliyoungana na hubembea pamoja: moja likishuka, jingine hupanda. Ukipenda kuonyesha helikopta iliyofungwa, vuta panga la nyuma chini kwa kamba nyembamba mpaka kwenye mkia, na la mbele litainuka lenyewe.

Sasa kitovu. Kata lile donge lote, bakiza sehemu mbili zinazoshika mapanga tu. Kwa mlingoti, yaani nguzo inayobeba rota, tumia mrija wa shaba wa milimita 1, au kijiti cha fremu kilichopigwa msasa mpaka kikawa duara. Kutoka juu kwenda chini, vitu vya kujenga ni hivi.

Fimbo ya uthabiti hukaa juu ya kitovu, ikikata mapanga kwa pembe ya nyuzi 90. Nyoosha waya wa milimita 0.4 kwa kuubiringisha kati ya mbao mbili. Kwenye kila ncha weka tone la gundi ya epoksi, geuza waya polepole wakati tone linakauka ili lisiangukie upande mmoja, kisha lichonge kwa tupa hadi lipate umbo la kizito. Vizito viwili lazima vilingane. Jicho hukamata tofauti hapa haraka sana.

Nyuma ya kila panga, kati ya shina na mshiko wake, kuna kijiti cha kulizuia lisirudi nyuma. Waya wa milimita 0.3 unatosha. Ni kitu kidogo lakini bila hicho kitovu huonekana uchi.

Chini ya kitovu kuna vijiti viwili virefu vinavyogeuza pembe ya mapanga, vikishuka sambamba na mlingoti mpaka kwenye sahani inayoinama na kupanda. Sahani ni duara mbili za plastiki ya milimita 0.5 zilizotobolewa katikati. Kwa vijiti tumia uzi wa plastiki: shika kipande cha fremu juu ya mshumaa, bila kukigusisha moto, kigeuze mpaka kilainike, kitoe, kivute taratibu na ukishike hivyo hadi kipoe. Ukivuta haraka unapata unywele, ukivuta polepole unapata kijiti. Kata vipande virefu kuliko unavyohitaji, gundisha upande wa chini kwanza, kisha ndipo ukate urefu kamili.

Viungo vya vijiti hivyo, vile vyenye tundu, vitengeneze kwa waya uliotoka ndani ya waya laini wa umeme. Nyuzi zake nyingi huwa na milimita 0.2. Uzungushe kwenye sindano mara moja, ukate, tayari.

Usigundishe rota kwenye modeli. Iache iingie na kutoka, itakusaidia kwenye rangi na kwenye kuhifadhi.

Hatua ya 4: Ndani

Milango mikubwa ya Huey huachwa wazi mara nyingi, kwa hiyo ndani huonekana. Lakini mwanga haufiki kila mahali. Sakafu, viti na ukuta wa nyuma vinatosha. Chini ya kanyagio za rubani hakuna atakayechungulia.

Viti vya askari ni vya turubai juu ya fremu ya mabomba. Pinda fremu kwa waya wa milimita 0.4, halafu tandaza juu yake karatasi laini ya tishu iliyolowa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Ikikauka hukaza na kuacha mikunjo midogo ambayo plastiki haiwezi kuiiga. Mikanda ni tepu ya karatasi iliyokatwa milimita 0.7, na bizimu zake ni waya mwembamba uliopindwa mraba.

Kwa ukuta wenye matandiko ya kuzuia kelele, weka foili juu ya kitambaa laini na uchore mistari ya msalaba kwa kalamu ya wino iliyokwisha. Igeuze, uibandike. Vitufe vya katikati ni nukta za ncha ya kalamu hiyohiyo.

Kabla ya kufunga mwili, unganisha nusu zake kwa tepu, weka skidi mahali pake na uisimamishe. Ikiegemea nyuma, gundisha vipande vya risasi ya kuvulia samaki chini ya sakafu, karibu na pua. Baadaye hutapata nafasi.

Hatua ya 5: Mwili

Wengi hukimbilia kusaga ribiti zote za kuinuka (vichwa vya pini zinazounganisha mabamba) na kuchora mistari mipya. Kwa ndege za kivita za kasi, sawa. Kwa Huey sikubaliani. Mkia wake halisi una ribiti zenye vichwa vinavyoonekana na mabamba yanayopandiana. Seti ya zamani haikukosea, ilitia chumvi tu. Pitisha msasa wa namba 600 wenye maji kwa mkono mwepesi hadi ribiti zipungue kiasi cha nusu, kisha acha. Zile utakazozipoteza kwenye mshono zirudishe kwa nukta za gundi nyeupe kwa ncha ya sindano.

Mashimo na mabonde jaza kwa puti, tabaka jembamba mara mbili badala ya moja nene.

Bomba la moshi wa injini kwenye seti huwa limezibwa. Litoboe kwa drili ya mkono, kisha kwangua ndani kwa kisu ukizunguka mpaka mdomo uwe mwembamba. Kwa wavu wa kuingizia hewa, kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kilichokazwa kwenye fremu ndogo kinafaa kuliko wavu wa chuma, ambao matundu yake ni makubwa mno kwa skeli hii.

Hatua ya 6: Vioo

Madirisha bapa ya milango yatupe, kata mapya kutoka plastiki angavu ya vifungashio. Kioo cha mbele kina mikunjo pande mbili, kwa hiyo ni rahisi zaidi kukisafisha cha seti: msasa wa 1500, wa 2000, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba. Kuna njia ya kukifinyanga upya kwa plastiki iliyopashwa moto juu ya kipande chenyewe, lakini kwanza kijaze puti kwa ndani, la sivyo kitajikunja.

Madirisha mawili ya paani, juu ya marubani, ni ya kijani. Yapake rangi angavu ya kijani upande wa ndani. Vioo vyote bandika kwa gundi nyeupe. Supagluu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na ukungu huo ukiwa ndani ya modeli iliyofungwa huwezi kuufuta.

Hatua ya 7: Vidogo vya nje

Antena, vishikio, vifuta mvua, ndoano ya mizigo tumboni: vyote ni waya na uzi wa plastiki, na utaviona kwenye picha zako. Toboa tundu kwa kila kimoja. Kitu kilichogundishwa juu juu kitang'oka ukikigusa kwa brashi. Rota ya mkiani ya UH-1H iko upande wa kushoto wa mkia. Seti nyingine huruhusu kuiweka popote, kwa hiyo angalia.

Taa nyekundu ya juu ni tone la gundi ya epoksi lililopakwa nyekundu angavu likishakauka.

Hatua ya 8: Rangi

Praima ya kijivu kwanza. Itakuonyesha kila mshono uliosahaulika, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Kijani cha jeshi kipunguze makali kwa tone la kijivu au krimu, kwa sababu rangi kamili kwenye kitu kidogo huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Paa na mgongo wa mkia, panapopigwa na jua, ziongezee weupe kidogo zaidi.

Masizi ya moshi huangukia upande wa juu wa mkia nyuma ya bomba; yapake kwa unga wa chaki nyeusi na brashi kavu. Kwa helikopta ya nyanda za kati za Vietnam, vumbi ni jekundu, nalo hukaa kwenye skidi, tumboni na kwenye sakafu mlangoni. Kingo za sakafu hiyo zichubue kwa penseli ya risasi, pale buti zinapokanyaga.

Kitovu cha rota kipake mwisho, kikiwa kimetolewa: rangi ya chuma chenye giza, kisha rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa iingie kwenye viungo, na ncha za vijiti ziguswe kwa fedha. Iache rota usiku kucha ikauke kabla ya kuichomeka mahali pake.