Nambari na Bei kwa Kikantoni

Mfanyabiashara wa Darajani au Mlandege, Zanzibar, anayejitayarisha kwenda Guangzhou au Hong Kong na aanze na nambari kabla ya maamkizi. Wauzaji wengi wa Guangzhou huelewa pia Kimandarini, yaani Kichina rasmi, lakini anayejua bei kwa Kikantoni, lugha ya huko, hufuata hata yale wanayoambiana wenyewe.

Moja hadi kumi ni jat1, ji6, saam1, sei3, ng5, luk6, cat1, baat3, gau2, sap6. Tarakimu ya mwisho huonyesha toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, nazo ni sita. Herufi j husomwa kama y yetu. Ng5 ni ng' ya ng'ombe isiyo na irabu, sauti inayowashinda Wazungu wengi na isiyotupa sisi tabu. Kumi na moja ni sap6 jat1, ishirini ni ji6 sap6, mia ni baak3 na elfu ni cin1.

Ugumu huanzia elfu kumi, ambayo ina jina lake, maan6, na kuanzia hapo hesabu hupangwa kwa maan6: laki moja ni sap6 maan6, na milioni ni baak3 maan6. Zoezi linalofaa ni kuzisoma bei za shilingi unazozijua. Kanga za shilingi 35,000, kwa mfano, ni saam1 maan6 ng5 cin1. Muuzaji mwenye haraka, hata hivyo, hukata neno la mwisho na kusema saam1 maan6 ng5. Kwa kanuni hiyohiyo, jat1 baak3 ji6 ni 120, wala si 102, ambayo lazima itiwe sifuri katikati: jat1 baak3 ling4 ji6. Rudia jozi hii mpaka sikio lizoee, kwani hapa ndipo fedha hupotea.

Dola ya Hong Kong, na hata yuani ya China bara, huitwa man1, na mbele yake mbili hugeuka loeng5: loeng5 man1. Dola tatu na nusu ni saam1 go3 bun3. Kuuliza bei sema gei2 do1 cin2, na kuomba upunguziwe, peng4 di1 laa1. Kujumlisha ni gaa1, kutoa gaam2, kuzidisha sing4, kugawa ceoi4.

Ukiambiwa baat3 zit3, usidhani umepunguziwa asilimia 80: hiyo ndiyo sehemu utakayolipa, na punguzo ni asilimia 20 tu.