Farasi wa nyasi au wa mchanga? Namna ninavyompima kabla ya kumwandikisha

Nilianza usaisi Ngong, Nairobi, ambako mbio hukimbiwa kwenye nyasi. Miaka ile hili halikuwa swali: farasi ana mbio au hana. Nilipovuka kwenda Dubai kuwa mpanda mazoezi ndipo nilipomwona farasi aliyeshinda kwa raha zake akirudi wiki tatu baadaye wa mwisho kasoro mmoja. Hachechemei, homa hana, chakula anamaliza. Kilichobadilika ni ardhi tu.

Huu ndio utaratibu wangu wa kumpima farasi kabla mkufunzi hajamwandikisha kwenye mbio. Nauandikia masaisi na wapanda mazoezi wenzangu, hasa vijana wanaotoka nyumbani wakiwa wamezoea nyasi peke yake. Niseme mapema nilipo: watu wengi wakitaka kujua farasi ni wa nyasi au wa mchanga humwinua mguu wakatazama ukwato. Mimi natazama uso kwanza.

Hatua ya 1: Tembea njia zote mbili kwa miguu yako

Omba ruhusa, uvae viatu vya soli nyembamba. Kwenye nyasi chomeka kidole: chini ya majani kuna mizizi iliyofumana kama mkeka. Ukwato ukitua unazama kidogo, mkeka unaushika, na farasi anapata kitu cha kusukumia. Kwenye mchanga tabaka la juu ni legelege, chini yake pameshindiliwa. Ukwato ukitua unateleza mbele kidogo kabla ya kusimama, na farasi akisukuma, mchanga unachomoka chini ya ncha ya ukwato na kuruka nyuma. Sehemu ya nguvu yake imeondoka nao. Ndiyo maana farasi wa mchanga mara nyingi ni wa misuli, mapaja manene, hatua za harakaharaka, na wa nyasi ni yule anayejinyoosha kana kwamba anaelea. Mara nyingi, nimesema. Mchangani nimepanda vijitu vyembamba vilivyoniumiza mikono kwa kuvuta.

Tazama na kona. Pale Meydan, uwanja wa mbio wa Dubai, njia ya nyasi iko nje, mzunguko wake mita 2400; ya mchanga iko ndani, mita 1750, kwa hiyo kona zake zinabana zaidi. Viwanja vikubwa vya Marekani kwa kawaida ni kinyume: mchanga nje, nyasi ndani. Ukimsikia Mmarekani anasema farasi wa nyasi lazima awe mwepesi wa kona, anasema ukweli wa kwao.

Hatua ya 2: Muweke nyuma ya wenzake

Hapa ndipo penye kazi.

Tulikuwa na jike mmoja wa kahawia, zizini tukimwita Bibi kwa ajili ya taratibu zake. Mazoezini akiwa peke yake alikuwa moto. Kwenye mbio za mchanga, mara mbili, alikata tamaa kabla hata ya kona ya mwisho. Daktari hakuona kitu, fundi wa viatu vya farasi hakuona kitu. Mara ile ya pili nilimpokea mimi. Nikalowesha sifongo, nikampangusa kuanzia kwenye paji la uso kushuka chini, ikatoka na maji mekundu kama chai iliyozidishwa majani. Nikakamua, nikarudia mara nne. Nikavuta kope la chini kwa kidole gumba: mstari wa mchanga umelala pale kama wanja. Puani, kamasi na mchanga. Pembeni yetu alikuwa anaoshwa aliyeshinda. Kifua kimelowa jasho, uso mkavu, safi, kama ndiyo kwanza anatoka zizini. Alikuwa ameongoza tangu geti la kuanzia mbio.

Mchanga unaorushwa na kwato za waliotangulia unapiga mfululizo, usoni, kifuani, puani. Joki anajua: kwenye mchanga huvaa miwani kadhaa, moja juu ya nyingine, na kila inayochafuka anaishusha shingoni. Farasi hana ya kushusha. Kwenye nyasi huruka bonge la udongo hapa na pale, hasa baada ya mvua, lakini si ile mvua ya mchanga isiyokatika.

Jaribio ni la asubuhi tatu. Ya kwanza, muweke nyuma ya farasi mmoja, nafasi ya farasi watatu hivi, ubavuni kidogo ili asipate yote. Ya pili, nyuma kabisa na karibu zaidi. Ya tatu, nyuma ya wawili, umebanwa ndani. Usimchape wala usimsukume, hisi mikononi tu. Farasi anayeukubali mchanga atainamisha kichwa na kuendelea kuvuta hatamu. Asiyeukubali atainua kichwa, atageuza shingo akiomba kutoka nje, hatua itafupika, na hatamu zitalegea mkononi mwako kama kamba ya kuanikia nguo. Huo ulegevu ndio jibu.

Wapo wanaojifunza. Asubuhi ya sita au ya saba wameshaacha kulalamika, na hao usiwakatie tamaa. Bibi hakujifunza.

Hatua ya 3: Pima anavyotoka getini

Hatua hii ni ndugu wa iliyotangulia. Mbio za mchanga huanza kwa vurugu, kila joki anagombea mbele, halafu wote wanachoka, na anayeshinda ni anayechoka polepole kuliko wenzake. Mbio za nyasi huanza kwa kuviziana. Wanakwenda kundi, wamezuiwa, kisha kasi inafunguliwa mita 400 au 600 za mwisho. Sasa mchukue farasi mzito wa kutoka getini. Nyasini hajapoteza kitu, kundi bado liko pale pale mbele yake. Mchangani amepoteza nafasi na juu yake anakula mchanga njia nzima.

Kwa hiyo shika saa, uandike sekunde zake za mita 200 za kwanza kwa siku kadhaa, uzilinganishe na za wenzake wa zizi lile lile. Akiwa wa haraka, hata kama anachukia mchanga usoni anaweza kuukimbia kwa kuuacha nyuma. Akiwa mzito na anachukia mchanga, umeshapata jibu, huhitaji ukoo wala nyota.

Hatua ya 4: Mpige video

Simama ubavuni, simu kwenye mwendo wa taratibu, apite mara mbili. Tazama magoti. Anayeyainua juu na kupiga chini kama anatwanga huwa anapenda nyasi laini zilizonyeshewa. Anayefagia, kwato zikipita karibu na ardhi, anapenda nyasi kavu, na zikilainika anahangaika. Kuna wazee wanaoapa kwamba ukwato mpana kama sahani ni wa nyasi. Nimewaheshimu, lakini nimewaona wenye sahani zao wakishinda mchangani, kwa hiyo siweki pesa yangu hapo.

Hatua ya 5: Ukoo, mwishoni

Karatasi ya ukoo naiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu mtu akiisoma mwanzo anaacha kumtazama farasi.

Kisa cha Cigar, farasi wa Marekani, kinatosha. Baba yake, Palace Music, alishinda mbio za Champion Stakes kule Newmarket, Uingereza, mwaka 1984, juu ya nyasi. Cigar naye akapelekwa nyasini, akakimbia mara 11, akashinda mara moja. Oktoba 1994 mkufunzi wake, Bill Mott, akamhamishia mchangani kwenye uwanja wa Aqueduct, New York. Alishinda kwa urefu wa farasi wanane na hakushindwa tena hadi Agosti 1996: ushindi 16 mfululizo, mmojawapo ukiwa Dubai World Cup ya kwanza kabisa, pale Nad Al Sheba, uwanja wa Dubai wa kabla ya Meydan. Ajabu ni kwamba karatasi ilikuwa na jibu. Mama yake alikuwa binti wa Seattle Slew, aliyetwaa mataji matatu ya Marekani mwaka 1977, yote mchangani. Ukisoma upande wa baba peke yake, babu mzaa mama anakupita.

Na hata ukisoma pande zote, damu moja inaweza kukupa majibu mawili. Oktoba 2001, uwanja wa Belmont Park, New York, mbio kubwa za Breeders' Cup Classic, mita 2000 za mchanga. Galileo, bingwa wa Derby ya Epsom, Uingereza, na mtoto wa Sadler's Wells, alimaliza wa sita. Sakhee, ambaye mama yake alikuwa binti wa huyo huyo Sadler's Wells, alikuwa ameshinda Prix de l'Arc de Triomphe kwenye nyasi za Paris wiki tatu tu kabla. Mchangani alikwishachukua uongozi kwenye kipande kilichonyooka cha mwisho, farasi Tiznow akamrudia na kumpita kwa pua. Tena Sadler's Wells mwenyewe, mfalme wa nyasi za Ulaya, baba yake ni Northern Dancer, aliyeshinda Kentucky Derby ya 1964 mchangani. Ukoo utakwambia pa kuanzia kujaribu. Basi.

Hatua ya 6: Badilisha ardhi, usibadilishe kingine

Ukiamua kumhamisha, acha umbali ule ule, joki yule yule, viatu vile vile kama kanuni za uwanja zinaruhusu. Nimeona zizi linabadilisha ardhi, linaongeza mita 400 na kumvika farasi vifuniko vya macho siku moja. Akishinda, nani atasema kilichomsaidia ni nini? Viatu vyenye jino refu mbele ni habari ya pekee: vinashika ardhi, lakini vinazuia ule mtelezo mdogo unaompunguzia mguu mshtuko. Uliza kanuni kwanza, kisha muulize fundi wa viatu, kisha uviache.

Mpe mbio mbili, si moja. Ya kwanza wengine hushangaa tu.

Bibi tulimwandikisha nyasini, mita 1600 zile zile alizoshindwa. Alitoka getini kwa uzito wake wa siku zote, akakaa wa tisa, ndani, katikati ya wenzake, hatamu zimekazwa. Kwenye kipande kilichonyooka cha mwisho joki akamtoa nje, akawapita mmoja mmoja, akamaliza wa tatu. Nikampokea, nikalowesha sifongo, nikampangusa kuanzia kwenye paji la uso. Ilitoka na jasho na kijani kidogo cha jani.