Bei ya Ugenini Inapatanwa Ukiwa Bado Moshi

Safari yangu ya kwanza kwenda Eastleigh, Nairobi, kununua mapazia nilirudi Moshi na majora matatu, nimeridhika kabisa. Muuzaji alianza juu, tukavutana, akashuka, nikaona Nairobi nimeiweza. Kesho yake fundi wangu akatandaza jora la kwanza mezani, akalipima mara mbili, kisha akaniuliza taratibu: "Mama, hili uliambiwa ni mita ngapi?" Nikamjibu hamsini. Akasema, "Hapa kuna arobaini na tano na ushee."

Kule walikuwa wanauza kwa yadi. Neno yadi lilitajwa mbele yangu zaidi ya mara moja, ila kichwani mimi nilikuwa na mita tangu nilipoingia mlangoni. Yadi 50 ni mita 45.72. Kwa majora matatu nilipungukiwa karibu mita 13, na kwa bei niliyokuwa nauza dukani kwangu, shilingi 15,000 za Tanzania kwa mita, hiyo inakaribia laki mbili. Punguzo lote nililolipigania kwa saa nzima liliishia hapo.

Tangu siku ile naamini kwamba kupatana bei ugenini kunaanzia nyumbani, mezani, ukiwa na daftari na kalamu. Muuzaji wa kule anaijua bei yake vizuri. Anajua alinunua kwa ngapi, na akishuka hadi wapi anaumia. Wewe usipoijua yako, hata uwe na mdomo mtamu kiasi gani, yeye ndiye atakayeamua mnaishia wapi. Ndiyo maana nawaandikia wenzangu wa Moshi na Arusha mnaojiandaa kwa safari ya kwanza, iwe ya duka au ya kujinunulia vitu vya nyumbani.

Anza na mteja wako wa hapa, kisha urudi nyuma. Mteja wa Moshi ananipa 15,000 kwa mita ya pazia zito. Natoa 4,000 ya kodi ya fremu, msaidizi na faida yangu, inabaki 11,000. Tuseme ushuru, nauli, malazi na kupakia mzigo vinakula 4,000 nyingine. Inabaki 7,000 kwa mita, yaani 6,400 kwa yadi. Kama siku hiyo shilingi 1 ya Kenya ni shilingi 20 za kwetu, basi mwisho wangu ni 320 za Kenya kwa yadi. Hiyo naiita namba ya kuondokea, na naiandika kwa kalamu kabla sijakata tiketi. Ikipita hapo, naaga na kuondoka, hata kama kitambaa kimenipendeza na kahawa nimeshakaribishwa. Namba iliyotafutwa ukiwa umetulia ina nguvu kuliko ile unayoibuni umesimama kwenye korido, watu wanakusukuma, na mtu anakwambia mwenzako aliyepita asubuhi amechukua majora kumi.

Kwenye hesabu hiyo, panapowaumiza wengi ni ushuru. Watu husikia kwamba bidhaa za Afrika Mashariki hazilipi ushuru wa forodha, wakadhani chochote kinachotoka Kenya kinapita bure. Nafuu ile ni ya bidhaa iliyozalishwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa bidhaa hizo usiozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupata mpakani cheti cha uasilia kilichorahisishwa, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, na ni msaada mkubwa kwelikweli. Lakini pazia lililotoka Uturuki au China haligeuki kuwa la Kenya kwa sababu limelala Eastleigh wiki mbili. Ushuru wake unapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafirishaji na bima, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru. Tuseme bidhaa yako iko kwenye kundi la asilimia 25: mzigo wa 100 unakuwa 125, na VAT inaufikisha 147.50, kabla ya tozo nyingine ndogo. Nenda TRA, mamlaka yetu ya mapato, au kaa na wakala wa forodha wa mpaka wa Namanga au Holili, ukiwa na jina halisi la bidhaa na mahali ilipotengenezwa. Uliza kabla ya safari, maana ukiuliza mzigo umeshashushwa mpakani, jibu lolote utakalopewa itabidi ulilipe. Na risiti uiombe kila duka, iwe na bei uliyolipa kweli.

Kuhusu fedha, badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, na usianze kupatana bei hadi uwe umeandika kiwango cha siku hiyo. Vijana wanaokukimbilia na mabunda ya noti mpakani huhesabu kwa kasi ambayo jicho la mtu aliyetoka kushuka kwenye basi haliwezi kuifuata. Dola za kubeba ziwe safi na mpya. Noti chafu, iliyochanika au ya toleo la zamani hukataliwa, au hupokelewa kwa kiwango cha chini. Ukitoka nchini na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000, zitamkwe forodhani. China kiwango chao ni kidogo zaidi, dola 5,000.

Zoea pia namba za huko zinavyotamkwa. Sisi tuna buku na jero. Nairobi utasikia soo, yaani mia, na thao, yaani elfu. Mbao ni ishirini. Ukiambiwa "soo nne, mama, lakini tutaongea," inakupasa ujue papo hapo kwamba ni 400, tena uwe umeshasikia hilo "tutaongea", ambalo ndilo "maongezi yapo" ya kwetu. Muuzaji ameshakwambia mwenyewe kwamba hapo sipo mwisho. Mwambie wewe ni mtu wa duka: "Kaka, nipe bei ya kwenda kuuza." Wengi wana bei mbili, na ya pili hawaitaji mpaka uiombe.

Dubai ina mambo yake, na ni rahisi kuyajua ukiwa bado hapa. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725. Kwa hiyo anayekwambia dukani kwamba leo dola imeshuka, usimbadilishie hata senti. Kwenye soko la dhahabu la Deira, wanaotoka kwetu huchoka bure kwa kubishania bei ya gramu. Bei ya gramu inafuata soko la dunia na imebandikwa ukutani kwa kila karati. Panapopunguzika ni gharama ya ufundi, ambayo huwekwa juu ya uzito, na mkufu wenye nakshi nyingi unaweza kubeba gharama kubwa ajabu. Basi muulize muuzaji akutenganishie mbele yako, uzito mara bei ya gramu, kisha ufundi, kisha VAT yao ya asilimia 5. Upambane hapo kwenye ufundi. Tazama na muhuri: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22.

Istanbul utakaribishwa chai kwenye kigilasi kidogo chenye kiuno. Kunywa. Ni ukarimu, haikufungi kununua, na ukiikataa kwa ukali unaanza mazungumzo vibaya. Soko kubwa la kale la Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, kwa hiyo anayefika Jumamosi usiku na kuondoka Jumatatu asubuhi amepoteza nauli. Nguo za jumla mtaa wa Laleli huuzwa kwa seri, yaani seti ya saizi mbalimbali; bei unayotajiwa ni ya pisi moja, lakini huchukui moja. Jua kabla kama wateja wako wa Arusha wanavaa saizi zote zilizomo kwenye seti, la sivyo zile zisizotoka zitakukalia. Jifunze maneno mawili tu ya Kituruki: "ne kadar" ni bei gani, "son fiyat" ni bei ya mwisho. China hata maneno hayahitajiki sana, kikokotoo kinapita mkono kwa mkono na kila mtu anaandika namba yake.

Ziko nchi ambako kupatana bei hakupo. Kwenye maduka makubwa ya Uingereza, Marekani na Japani bei iliyobandikwa ndiyo hiyo, na Marekani sehemu nyingi kodi huongezwa ukifika kwa keshia. Usimtese mfanyakazi ambaye hana mamlaka ya kupunguza.

Adabu nayo iandae, kwa sababu ugenini wewe ndiye mtalii. Sisi tunawaona wageni kila siku kwenye maduka ya vinyago Arusha: yule anayetaja bei, akakubaliwa, kisha akaondoka, ameacha uchungu dukani. Ukitaja bei na muuzaji akaikubali, umenunua. Kama hujaamua, usitaje namba, uliza tu. Biashara haigombi, sema "asante kaka, nazunguka kidogo," utoke polepole, na mara nyingi utaitwa kabla hujafika kona. Usiseme basi lako linaondoka saa ngapi. Usitoe bunda zima la hela ili upate noti moja. Kijana anayekupokea stendi na kukupeleka "kwa mjomba" ana kamisheni yake, na kamisheni hiyo inatoka kwenye bei yako. Na mama anayeuza nyanya kwenye turubai pale Taveta, ng'ambo ya Holili, mlipe anachosema. Namwomba kila msafiri hili kwa dhati, kwa sababu faida yake nzima ya siku ni ndogo kuliko soda utakayokunywa njiani.

Siku ya kwanza usinunue kitu. Zunguka maduka matano au sita, andika, lala, urudi asubuhi ukiwa umeshiba. Mtu mwenye njaa na miguu inayouma hukubali bei ili apate kukaa.

Kwenye mkoba wangu siku hizi kuna futi ya fundi cherehani, sentimita upande huu na inchi upande ule, kikokotoo kidogo, na bahasha ya vipande vya vitambaa. Kila kipande ni ukubwa wa kiganja, kimebanwa kwa pini na karatasi yenye bei ya Moshi na namba yangu ya kuondokea kwa yadi. Nikifika dukani naweka kipande juu ya jora, navikunja vyote viwili pamoja, navisugua kwa vidole kusikia kipi ni kizito. Muuzaji akiona hivyo huacha hadithi za orijino. Huuliza tu, "Unataka yadi ngapi, mama?"