Kutoka uwanjani hadi mbele ya kamera: kwa waigizaji wa kike wa Mtwara na Lindi

Mwigizaji aliyezoea kucheza uwanjani, watazamaji wengine wamekaa chini na wengine wamepanda miembe, akisimama mbele ya kamera kwa mara ya kwanza hukosea jambo moja: anapaza sauti. Uwanjani ni haki yake, kwa sababu upepo wa kusi ukivuma pale Mikindani unameza maneno kabla hayajafika mstari wa tatu. Kwenye filamu maiki inaning'inia nusu mita juu ya kichwa chako. Ukipaza, sauti inapasuka. Ukikunja uso mzima, kwenye picha ya karibu unaonekana unaumwa jino.

Ulichopata jukwaani usikitupe. Aliyecheza sindimba tayari ana pumzi. Ipime hivi: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, ishike kwa 4, kisha itoe taratibu kwa "sss" hadi sekunde 20. Ukifika 30 mabega hayajapanda, inatosha. Halafu chukua mstari mmoja useme mara tatu: kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara, kwa mtu mnayekula naye sinia moja, na kwa mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Filamu inaishi kati ya ile ya pili na ya tatu. Tahadhari ni moja: wengi wakishusha sauti wanashusha na hasira, mstari unapoa. Punguza sauti, nia ibaki palepale.

Kwa kuwa Dar iko mbali, kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, usaili wa kwanza mara nyingi ni video ya simu. Ilaze simu kwa upana, lenzi iwe usawa wa macho, juu ya stendi au rundo la vitabu. Ya kushikiwa mkononi hutetemeka. Picha ianzie kifuani. Elekea dirisha, maana likiwa mgongoni uso unakuwa kivuli kitupu. Nje, rekodi kati ya saa 12:30 na 2:30 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Jua la utosini linachimba mashimo machoni. Futa mafuta ya nazi usoni, paka poda kidogo. Zima feni. Lenzi itazame unapotaja jina na unapoishi tu. Ukianza kuigiza, tazama kikaratasi ulichobandika sentimita 5 pembeni yake. Anayekusomea mistari ya mhusika wa pili huwa nyuma ya simu, yaani karibu na maiki kuliko wewe, kwa hiyo asome chini chini, la sivyo video itakuwa ya kwake. Dakika 2 zinatosha. Kwa WhatsApp, itume kama faili, kwani ukiituma kama video ya kawaida inabanwa na uso unakuwa ukungu.

Lafudhi ya Kimakonde au Kimwera usiifute. Jifunze kuivaa na kuivua, kama kanga.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo wanaotoka jukwaani wanapochoka. Tendo moja hurekodiwa kwa mbali, kwa kati, kisha kwa karibu, na kila mara unarudia vilevile. Tuseme unakuna nazi huku unagombana na wifi yako. Ukisimamisha mkono kwenye neno "ondoka" katika picha ya mbali, usimamishe kwenye neno hilohilo katika picha ya karibu, mkono uleule. Ukisahau, mhariri hawezi kuunganisha, na marudio yako mazuri kuliko yote yanatupwa. Nazi nayo inakwisha: ya mbali ilikuwa nusu, ya karibu ikaonekana nzima. Waambie wa vifaa waweke nazi 5 au 6 kwa tukio hilo. Ukila ming'oko, uma kidogo sana, maana tonge kubwa la mara ya kwanza utalirudia mara 8.

Piga picha za mavazi yako kabla ya kuvua: kilemba kimefungwa upande gani, maandishi ya kanga yamekaa wapi. Usisuke upya wala kupaka hina katikati ya kazi. Na kwa kuwa sini, yaani matukio ya filamu, hazirekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, andika juu ya kila ukurasa wa skripti: nimetoka wapi, najua nini, nimelia au bado?

Kufika kwenye alama, ile inayowekwa sakafuni kuonyesha pa kusimama, bila kutazama chini kuna njia rahisi. Simama juu ya alama, rudi kinyumenyume mpaka unapoanzia huku ukihesabu hatua, kisha njoo kwa hesabu hiyohiyo.

Mafunzo rasmi yapo TaSUBa, Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza 1981.

Kabla ya kupanda basi, pata mkataba wa maandishi: siku ngapi za kazi, nani analipa nauli, chakula na malazi, na fedha ya awali kiasi gani. Muulize mtayarishaji kama ana kibali cha Bodi ya Filamu. Mwenye nacho hakasiriki kuulizwa. Usaili wa chumbani hotelini, usiku, peke yako, usiende. Nenda na dada au shangazi, na akiambiwa asubiri nje ya geti, rudini nyumbani wote wawili.