Somo: Mtoto akiumia, mikono ifanye nini na moyo uende wapi

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne alipovuta kitambaa cha meza, kikombe cha chai kikammwagikia kifuani. Nilipiga yowe. Yeye alikuwa bado hajalia. Alinitazama usoni kwanza, ndipo akaangua kilio. Nikakimbilia chumbani kutafuta mkoba, nikarudi jikoni, nikaenda tena chumbani, na mkoba sikuuona. Bomba la maji lilikuwa hatua mbili tu kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Somo hili namwandikia mzazi huyo anayezungukazunguka.

Hatua ya 1: Tuliza uso

Sisemi moyo, maana moyo hautatulia. Uso na sauti. Mtoto mdogo hajui kama lililompata ni kubwa au dogo, anasoma kwako. Toa pumzi polepole mara moja, mwite jina, mwambie neno fupi: "Niko hapa." Usimwambie "huumii" na huku anaumia. Kumgombeza kusubiri pia. Mtoto aliyechapwa kwa kumeza kitu, siku akimeza kingine atanyamaza.

Hatua ya 2: Angalia kabla ya kunyanyua

Anapumua? Anaitika? Damu inatoka wapi? Anayelia kwa nguvu anapumua. Aliye kimya na kulegea ndiye wa kukimbiliwa. Kama ameanguka kutoka juu na analalamikia shingo au mgongo, mwache alivyo, labda pawe na moto au gari linakuja. Mtu mwingine apige simu ya dharura, wewe ubaki naye.

Hatua ya 3: Fanya lile moja linalotakiwa

Kuungua ndiko ninakokujua zaidi. Maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Tazama saa, kwa sababu ukiwa na mtoto anayelia, dakika 5 utadhani ni saa nzima na utaacha mapema. Vua nguo na bangili zilizo karibu kabla hapajavimba, ila kilichogandia kwenye ngozi kiache. Sehemu nyingine ya mwili ifunike, watoto hupoa haraka. Barafu hapana, siagi hapana, dawa ya meno hapana, hata kama anayekushauri amelea watoto kumi. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Mpeleke hospitali kama jeraha limezidi ukubwa wa kiganja chake, limetoa malengelenge, au liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri. Umeme na kemikali ni hospitali moja kwa moja.

Damu: bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Ukichungulia, umeanza upya.

Amepaliwa: kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama sauti haitoki, muinamishe, mpige makofi 5 kati ya mabega. Kitu kisipotoka, misukumo 5: kifuani kwa aliye chini ya mwaka mmoja, juu ya kitovu kwa aliyezidi mwaka. Rudia. Hili lina mafunzo yake ya vitendo, kusoma hakutoshi.

Amekunywa sumu au mafuta ya taa: usimtapishe. Chukua chupa yenyewe uende nayo. Zile betri bapa za duara kama kifungo zikimezwa, ondoka sasa hivi hata kama mtoto anacheka, kwani zinaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2.

Hatua ya 4: Usiku wa siku hiyo

Hapa ndipo wengi tunaachwa peke yetu. Mtoto amelala, bandeji imefungwa, na mikono yako ndiyo inaanza kutetemeka. Ni mwili unashusha mzigo. Kaa, kunywa maji, andika kilichotokea na saa zake. Daktari atayahitaji maandishi hayo, na wewe yatakuzuia kujizulia makosa ambayo hukuyafanya. Mimi kufikia saa sita usiku nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba niliona mkono wake ukielekea kwenye kitambaa nikapuuza. Nilikuwa nimempa mgongo.

Baada ya hapo tafuta kitu kimoja cha kuhamisha. Sisi tulitoa vitambaa vyote vya meza.

Maswali ya wanachama

*Wangu wa miezi minane ameanguka kitandani, kagonga kichwa. Alilia, akanyonya, sasa anasinzia. Nimzuie kulala?*

Mama, kulala kwa muda wake wa kawaida hakudhuru, mradi anaamka ukimwamsha. Lakini kwa umri huo mpeleke akaangaliwe hata kama yuko sawa. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akitoka majimaji puani au masikioni, au akiwa mgumu kuamka, usingoje. Mfuatilie saa 48.

*Damu ya pua, kichwa kirudi nyuma?*

Hapana, ainame mbele. Bana sehemu laini ya pua dakika 10, apumue kwa mdomo.

*Binti yangu anammwagia mwanasesere wake "maji moto" kila siku tangu aungue. Nimkataze?*

Wangu alifanya hivyohivyo wiki mbili. Mwache, ndivyo wanavyolisimulia jambo. Mpe na kitambaa amtibu. Kukojoa kitandani na kung'ang'ania mzazi pia hutokea, huisha taratibu. Kukivuka mwezi, onana na mtaalamu.

*Mwanangu alivunjika mkono akiwa na mimi. Mke wangu halisemi, ila tangu siku hiyo hataki nibaki naye peke yangu. Nifanye nini?*

Pole sana, kaka. Lisemeni. Anza wewe: mweleze dakika kwa dakika ilivyokuwa, bila kujitetea. Asiyekuwepo huwa ameshajichorea picha yake, na mara nyingi ni mbaya kuliko ilivyokuwa. Kwetu mume wangu aliuliza mara moja tu, "Ulikuwa wapi?", tukakaa siku nne hatusemeshani vizuri. Siku ya tano nilimsimamisha jikoni nikamwonyesha: mimi hapa, meza pale, yeye mtoto huku. Alinyoosha mkono wake kutoka pale nilipokuwa, akaona haufiki.